Fimbo Mlangoni kwa Mama Zaina

Nilipokuwa mtoto wa kutumwa moto kwa jirani, pale Kasongo tulikuwa na nyampara mmoja ambaye mpaka leo, na uzee huu, nikimkumbuka natema mate. Alisimamia mashamba ya mpunga ya tajiri wa misafara, na alitembea na fimbo nyeusi iliyofungwa hirizi ya ngozi. Akiichomeka mlangoni kwako, nyumba yako imefungwa: hupewi moto, maji wala salamu. Atakayekupa, watu waliamini, atavimba tumbo afe. Sikuwahi kumwona aliyevimba. Hakuna aliyejaribu.

Msimu mmoja wa mvua, jirani yetu Mama Zaina alikataa kwenda kupalilia kwa kuwa binti yake alikuwa na homa. Nyampara hakubishana naye. Alichomeka fimbo mlangoni pake, akashika njia ya mji wa Nyangwe, akakae huko siku nne.

Usiku mvua ikazima moto wa Mama Zaina. Asubuhi akaja kwetu na kigae mkononi. Bibi yangu alikuwa ndani, mimi niko jikoni peke yangu nachochea.

"Mutoto wangu, unipe kaa moja tu. Homa inamutetemesha Zaina, na hata uji hakuna."

Zaina alikuwa mwenzangu wa kucheza, hakuna siku iliyopita bila yeye. Nikayatazama makaa. Yalikuwa mengi.

"Bibi amekataza," nikasema.

Uongo mtupu. Bibi hakuwa amesema neno.

Kesho yake mvua ikaiangusha ile fimbo. Nilipoiona imelala matopeni nilidhani yameisha, nikamkimbilia bibi.

"Bibi, fimbo imeanguka! Nimupelekee moto?"

Bibi akatoka, akatazama njia ya Nyangwe. Hapakuwa na mtu. Akaiokota, akaifuta tope kwa nguo yake, akaichomeka palepale na kushindilia udongo kwa kisigino. Majirani wawili wakaja kumsaidia.

"Akikuta imeanguka, atasema ni sisi," bibi akasema.

Mama Zaina alikuwa mlangoni, anatutazama.

Zaina alikufa kabla nyampara hajarudi. Mtaa mzima ukasema fimbo imemla.

"Unaona sasa?" bibi akaniambia, karibu afurahi. "Ile fimbo iko na nguvu."

Nilimchukia siku ile, na sijamaliza.

Baadaye vikaja vita, nyampara akakimbia, tukapata mabwana wengine na msimamizi mwingine, huyu akiwa na filimbi. Tulijipanga mstari kabla hajaipuliza.

Wazee wenzangu husema tulitii kwa hofu. Wanajisafisha tu. Mimi nakumbuka nilichohisi asubuhi ile, Mama Zaina alipogeuka na kigae chake kitupu. Ilikuwa raha. Fimbo haikuwa kwetu. Nikaendelea kuchochea moto.