Karani wa Birongo na Lavender Wake Wawili

Jua halijatoka vizuri juu ya migomba ya Birongo, na tayari Persis Bosire anafuta kioo cha kompyuta kwa ncha ya leso. Mashine ni kuukuu, inanguruma kama posho mill ya kusagia mahindi. Kwenye kioo hicho anafungua dirisha moja la faili upande wa kushoto, jingine kulia. La kushoto ni la akina mama, la kulia ni la watoto. Anayasogeza mpaka yakaribiane, kama mtu anayesogeza viti ili wageni wasikilizane.

"Nimezoea hivi," anasema. "Mama hapa, mtoto wake hapa. Wananiangalia pamoja."

Persis, mwenye umri wa miaka hamsini na sita, ni karani wa zahanati ndogo ya kanisa. Zamani alichuma majani chai, mpaka mgongo ukakataa. Sasa shilingi elfu kumi na nane kwa mwezi ndizo zinazoleta sukari na sabuni nyumbani. Anayezaliwa huku huandikwa naye. Anayekufa pia: Persis hufuta neno "hai" kwenye faili yake, akaandika "amefariki".

Lakini leo programu hiyo ya madirisha mengi inahamia mtandaoni. Itafunguka kwenye kivinjari, ukurasa mmoja kwa wakati mmoja, na daktari aliye Kisii mjini ataweza kusoma faili ya mgonjwa wa Birongo. Jioni mashine kuukuu itabebwa, na faili isiyovuka itabaki ndani yake.

Nje kwenye benchi, Eucabeth, mkulima aliyeleta mtoto kupimwa uzito, hana haraka ya kunyamaza.

"Persis! Hiyo mpya itajua kusalimia watu, ama itanidai namba kabla sijakaa?"

"Itakusalimia kwa Kiingereza. Jitayarishe!"

Benchi nzima inacheka. Okinyi, fundi wa programu mwenye mvi za kwanza, mtu wa upande wa ziwa, anavuta kiti karibu na Persis.

"Mama Lavender, tumebakisha faili mbili tu. Zimekwama. Mfumo unaona watu wawili, jina moja, boma moja, wote wako hai. Umekataa kuwavusha wote wawili mpaka useme ni nani na nani."

Persis anafuta kioo tena kwa leso. Kisha anasema, "Okinyi, kitendawili."

"Tega."

"Tulimzika juzi, leo amemwaga uji."

Okinyi anakuna kichwa. "Nimeshindwa. Chukua mji."

"Nipe mji."

"Nakupa Homa Bay."

"Nimeenda Homa Bay, nimekula samaki, nimeshiba, nimerudi. Jibu ni jina."

Huku Gusii marehemu haachwi apotee. Mtoto anayezaliwa katika boma hubeba jina lake, likaitwa tena uani kila siku. Lavender Nyangate, binti pekee wa Persis, alijifungua miaka miwili iliyopita, akatokwa na damu nyingi, akafa akiwa njiani kwenda hospitali. Mtoto wa kike akabaki. Kabla matanga hayajaisha alikuwa ameshapewa jina: Lavender Nyangate. Ndiye aliyemwaga uji asubuhi hii.

"Nimeandika wafu wote wa hapa," Persis anasema polepole. "Baba yangu mzazi nilimwandika. Kwa huyu, mkono ulikataa."

Basi faili ya binti ikabaki "hai". Haikumsumbua mtu. Kila asubuhi, kabla ya wagonjwa, Persis alimfungua Lavender kushoto, akamfungua Lavender kulia, akawaangalia kidogo, akaanza kazi.

Sasa aliyekufa amemzibia njia aliye hai. Mtoto ana shida ya kifua, na Alhamisi anapelekwa kwa daktari wa watoto Kisii. Asipovuka leo, daktari atafungua ukurasa mtupu.

"Mama, nikuandikie mimi?" Okinyi anauliza kwa sauti ya chini. "Uende unywe chai. Ukirudi nitakuwa nimemaliza."

"Hapana, baba. Wewe hukumjua. Asiandikwe na mtu asiyemjua."

Anasogeza kiti. Vidole vyake, ambavyo huandika bila kutazama, leo vinatafuta herufi moja moja kama vya mwanafunzi. Anaandika "amefariki". Anabonyeza.

Dirisha la kushoto linajifunga lenyewe, kama lilivyojifunga kwa wengine wote. La kulia linabaki peke yake, na upande wa pili hakuna kitu ila weupe.

Kwenye kompyuta mpya iliyowekwa kando ukurasa unafunguka: Lavender Nyangate, hai. Persis analisoma jina hilo kwa sauti, kisha anafunika uso kwa leso. Okinyi anatazama ukutani.

"Mama La..." anaanza baadaye, halafu anasita, asijue kama jina hilo bado linafaa.

"Niite hivyo hivyo," Persis anamwambia. "Bado ninaye."

Mpango wake ni mmoja. Alhamisi wataondoka mapema, mtoto mgongoni. Na mtoto akishajua kusoma, atamkalisha kwenye kiti hiki alione jina lake mwenyewe.

"Halafu nitamwambia lilitoka kwa nani, alipenda nini, alicheka vipi. Hayo hayakuvuka. Hayo yako kwangu."

Nje Eucabeth amechoka kungoja. "Persis! Hiyo salamu ya Kiingereza iko wapi?"

Persis anapangusa macho, anajaribu kusogeza ukurasa upande wa kulia, anakumbuka kuwa hausogei.

"Ingia, Eucabeth," anaita. "Umlete na mtoto."