Sanda ya Feruzi Hapigiki

Pale Temeke, miaka ile ya vita vya pili, kina mama walikuwa na hila nyingi za kumchimba Sadallah. Mchana alikuwa mchukuzi bandarini kama wanaume wengi, lakini akifa mwanamume mtaani watu walimfuata yeye, maana ndiye aliyekuwa mwosha. Basi wao humkaribisha chai, wakaisifia kanzu yake, halafu wakashusha sauti: hivi ni kweli marehemu fulani alikuwa na kovu la moto mgongoni? Na yule mwingine je, hakuvimba tumbo kama mtu aliyelishwa kitu? Sadallah humaliza chai, akaweka kikombe chini, akasema, "Nimemwosha, nimemvisha, basi." Na chai ya watu imeshanyweka.

Aliyemfundisha kazi alimwambia kwamba anachokiona mwosha ni amana ya maiti, huingia naye kaburini. Sadallah aliishika amana hiyo hata kwa watu waliokuwa wakimtukana walipokuwa hai. Mkewe mwenyewe hakupata kutoka kwake hata neno moja, na alikuwa mwanamke mwenye bidii katika mambo hayo.

Wakati huo nguo zilikuwa adimu. Marekani, ile nyeupe ya sanda, ilitoka kwa kadi ya mgao, na ya Temeke ilikuwa ikiishia njiani kabla haijafika. Watu wazima na akili zao walitembea wamevaa magunia. Aibu ilizidi penye msiba. Sadallah alizika watu kwa majamvi na kwa vipande vya turubai, na mzee mmoja, aliyesomesha watoto wa watu Kurani maisha yake yote, alimvisha gunia la sukari. Aliyafua yale maandishi ya gunia mpaka vidole vikachubuka, yasitoke. Siku hiyo alirudi nyumbani akakataa chakula.

Hapo ndipo jina la Feruzi lilipoanza kuvuma. Feruzi alikuwa mvunjaji wa maghala ya Kurasini, mtu asiye na kwao panapojulikana. Lakini baadhi ya nyumba zenye msiba ziliamka zikakuta mlangoni furushi la marekani mpya. Yuliana, mama wa Kisongea aliyekuwa akiuza vitumbua, alimzika binti yake kwa nguo hiyo, na tangu siku ile hakutaja jina la Feruzi bila kuweka mkono kifuani. Askari walimfyatulia risasi mara kadhaa wasimpate. Watu wakamwita Hapigiki, watoto wakamtungia nyimbo.

Sadallah hakuwa mjinga. Alijua kwamba marekani nyingi Feruzi aliiuza, tena kwa bei ya kukutoa roho. Alimjua pia Romani, mlinzi wa ghala, ambaye Feruzi alimvunja mguu kwa nondo. Romani alikuwa jirani yake. Alishinda barazani peke yake, hana hata wa kumkorogea uji, huku watoto wakipita mbele yake wakimwimba aliyemlemaza. "Mie nikifa," Romani alimwambia siku moja, "mtanivika gunia, na wala hamtaimba." Sadallah alikasirika kwa niaba yake. Alijiuliza watu hawa wana akili gani, kumtukuza jambazi! Kisha alikumbuka lile gunia la sukari, hasira ikamwishia nusu njia.

Mungu hakumjalia Sadallah mtoto. Alichokuwa nacho ni mpwa wake, Kondo, mtoto wa marehemu dada yake, mwanamume kamili aliyebeba mizigo pamoja naye bandarini. Alimpenda kama mboni ya jicho. Na Kondo alimpenda Feruzi.

Asubuhi moja ya Jumatatu gari la polisi lilimshusha Feruzi penye msikiti, amefunikwa turubai. Serikali ilitangaza kuwa amepigwa risasi akitoka ghalani. Serikali iliposema hivyo ndipo watu walipopata hakika kwamba hakupigwa. Kabla ya adhuhuri Temeke nzima ilikuwa na habari kamili: Feruzi alikuwa akivuka mkono wa bahari, risasi zinamgonga mgongoni na kudondoka, na kilichomuua ni kunywa maji ya chumvi. Ukimuuliza msemaji nani aliyeona, anakutazama kwa huruma.

Sadallah alikuwa akielekea kwenye ua wa makuti wa kuoshea maiti Kondo alipomkimbilia.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Hicho shingoni ni nini?"

Kondo aliigusa hirizi, ngozi yake bado mpya. "Ya mganga yuleyule wa Feruzi. Ijumaa tunaingia ghalani, mie na wenzangu. Watu hawawezi kuendelea kuzikwa na magunia, mjomba. Wewe ndiye utakayemwona. Ukitoka niambie tu: ana tundu la risasi au hana?"

Sadallah aliingia uani. Akalifunua turubai.

Neno moja tu lingemwokoa mpwa wake. Lakini neno hilo halikuwa lake, lilikuwa la yule aliyelala pale, ambaye hata adui zake hawakuwa na haki ya kumvua. Na hata kama angelisema, Kondo angemwamini? Angesema mjomba anaogopa, anataka kumzuia. Sadallah alilia kwa hasira, kisha akajipangusa, akatoka mlangoni. Nje watu walikuwa wamejaa mpaka barabarani.

"Kondo, njoo. Leo unamwaga maji wewe."

"Mie? Si ni kazi ya Mbaruku?"

"Mbaruku ana shughuli," alisema Sadallah. Mbaruku, msaidizi wake, aliyekuwa kasimama palepale na ndoo mkononi, alibaki mdomo wazi.

Walipokwisha kuingia Sadallah alimshika bega. "Utakachokiona humu si chako. Umesikia?"

"Nimesikia, mjomba."

Kondo alimwaga maji. Mara ya kwanza maji yalimwagikia miguu yake mwenyewe. Sadallah alimwongoza kama alivyoongozwa yeye zamani: mkono huu, sasa upande huu, polepole, usimuumize. Pamba ilipohitajika alimpa Kondo aiweke mwenyewe. Ilihitajika pamba nyingi. Mtu waliyemsikia nyimboni kama jitu alikuwa mfupi, mbavu nje, na shingoni pake palikuwa na hirizi iliyofanana kabisa na ya Kondo. Hirizi hiyo nayo ilikuwa imetoboka.

Walipomaliza ndipo Sadallah alipokumbuka sanda. Haikuwepo. Mtu aliyewavika wafu wa Temeke hakuwa na hata kipande cha kwenda nacho kaburini.

Sadallah alimwambia Yuliana mlangoni, kwa sauti ndogo. Yuliana aliondoka mbio. Muda si muda vitambaa vikaanza kupita juu ya makuti. Kipande cha marekani kilichobaki alipozikwa binti yake Yuliana. Foronya. Ukingo mweupe wa kanga, umekatwa kwa meno. Kitambaa cha kichwa cha bibi aliyekuwa amesimama jua kali kichwa wazi. Watu ambao hawakuwa na nguo ya kuvaa walikuwa wakiikata waliyo nayo. Sindano zikapita mkono kwa mkono, sanda ikashonwa. Sadallah alikuwa ameosha matajiri na masharifu, na hajapata kuona mtu akivikwa hivi. Alijua alichokuwa Feruzi, na bado alimvisha sanda ile kwa heshima.

Jeneza lilipotoka watu walimzonga. "Ana tundu, Sadallah? Sema!"

"Nimemwosha, nimemvisha, basi."

"Mmesikia? Angekuwa nalo angesema!" Wakamgeukia Kondo, mwepesi wa maneno. Ila Yuliana aliwatangulia, akamshika mikono yote miwili, ikiwa bado na maji.

"Mwanangu, aliumia?"

Kondo aliwatazama wale watu, na vichwa vyao wazi, na kanga zao zilizokatwa.

"Hakuumia, mama."

Sauti ya "Hapigiki!" iliyopanda pale ilisikika mpaka Mtoni. Sadallah alisubiri ajisikie kaudhika. Badala yake alilishika jeneza, akamwachia mpwa wake nafasi begani.

Ijumaa wenzake Kondo walikuja kumchukua, kila mmoja na hirizi yake. Hawakumkuta nyumbani. Walimkuta kwenye baraza la Romani, amepiga magoti, anamshikia bakuli la uji. Sadallah alikuwa kaegemea ukuta wa nyumba yake, akitazama.

"Kondo, twende," walisema. Kisha mmoja akauliza, "Hebu tuambie kwanza. Mle ndani uliona nini?"

Kondo alimfuta Romani kidevu, akainua kichwa.

"Nimemwosha, nimemvisha, basi."

Wenzake walimtazama. Shingo yake ilikuwa tupu. Kisha mmoja akapeleka mkono kooni, akaanza kufungua fundo la hirizi yake.