Siku Niliyofua Kanzu za Baba Mtoni

Uturuki nilifika kama mzigo wa mtu. Pasipoti yangu ilikuwa kwenye mkoba wa baba, yaani bosi wangu wa Riyadh, ndiye kafili aliyenidhamini, na nguo zangu zilikuwa zimebanwa kwenye sanduku la watoto wake. Mkataba wetu wa kazi za nyumbani ulikuwa wa miaka miwili, nami nilishaingia wa tatu. Kila nikisema naenda nyumbani, madam, mkewe, alikuwa na lake: ngoja Ramadhani ipite, ngoja nijifungue, ngoja mtoto aache kunyonya. Na kule kwetu, karibu na mto Yala, nilikuwa na mtoto wa kwangu niliyemwacha hata hajaota meno yote. Lakini Riyadh hutoki bila karatasi ya kutoka, na karatasi hiyo kafili ndiye huitoa. Iliniuma, tena sana, nisidanganye mtu.

Kiangazi hicho joto la mtaa wetu wa Al-Naseem lilituchosha wote. Tukaenda kwanza Jeddah, mtaa wa Al-Nuzha, kumuaga mama yake madam, kisha tukapanda ndege kuelekea kaskazini, Uturuki. Huko baba alikodi gari la kulala ndani, lenye vitanda, jiko na choo, akatangaza kwamba tutazunguka milimani kama Wazungu. Yeye aliendesha, madam akapiga picha, mimi nikapika kabsa, wali wao wa nyama, kwenye jiko dogo la gesi, gari likikata kona na sufuria ikitaka kunirukia. Likizo ilikuwa yao.

Basi tukasimama kwenye mji mdogo kando ya ziwa, mto ukipita katikati ya maduka na kuingia ziwani. Nilipochungulia dirishani moyo ulinilipuka. Mahindi. Majani chai mlimani. Ukungu. Akina mama wamejifunga vitambaa kichwani, wamebeba mizigo mgongoni. Nikajiambia, hapa ni kwetu kabisa, ila watu wamebadilishwa rangi. Nilifurahi na kuumia kwa pamoja.

Asubuhi wakaenda kuuzunguka mji, kuonja samaki na kutafuta asali, watoto na wao. Madam akaniachia lundo la nguo. "Fua zote," akasema. Mashine hakuna, na maji ya tangi baba alishayapiga marufuku, eti ni ya kupikia na kuoga tu. Sasa mtu aliyekulia kando ya mto unataka afanye nini? Nilibeba beseni, nikashuka, nikachagua jiwe pana, nikakunja abaya mpaka magotini, nikaanza kuzitandika kanzu za baba. Fua, suuza, anika nyasini. Hata nikaimba. Povu langu likateremka na maji, likapita chini ya daraja, likaenda kukusanyika mbele ya hoteli ambako watu walikuwa wanakunywa chai.

Kumbe huko mto ni wa kutazamwa. Nilipoinua macho daraja limejaa watu, simu zote zimenielekea, na mzee mmoja analinyooshea kidole povu kwa hasira. Polisi akaja, kijana mpole, akaniomba pasipoti kwa Kiingereza cha kuokoteza kama changu. Nikamwambia sina, iko kwa bosi wangu. Hakuelewa. Akauliza tena, taratibu: pasipoti ni yako, mbona iko kwa mtu mwingine? Nikampa namba ya simu ya baba.

Baba akaitwa, akaja mbio, akafungua mkoba na kumkabidhi. Polisi akaitazama picha, akanitazama, akanionya nisimwage sabuni mtoni tena. Baba akanyoosha mkono apokee. Polisi akaupita mkono ule, akaniwekea pasipoti kwenye kiganja changu kilicholowa. Nikaisokomeza kifuani. Na hapo ndipo akili iliponifunguka: hapa si Riyadh. Hapa karatasi ya kutoka haihitajiki. Hapa mtu anaondoka kwa pasipoti na tiketi, basi.

Tulipofika kwenye gari baba akasema, "Yalla, haya, lete."

"Sileti, baba."

"Nini?"

"Mkataba halas, umekwisha. Tiketi ya kurudi kwetu iko ndani ya mkataba, ninunulie kutoka hapa. Leo nitapika, nitaogesha watoto. Lakini gari hili likiondoka, mimi simo."

Madam alilia kwanza, akatukana, kisha akanibwagia mtoto mapajani. Alijua pa kunigusa. Yule mtoto mimi ndiye niliyemfundisha kutembea, na alinikumbatia shingo kwa mikono yote miwili. Mama yangu alinilea na msemo wa mwenye nguvu mpishe, na kwa kweli nilikuwa nimepisha vya kutosha. Nikambusu mtoto, nikamrudishia mwenyewe. Nikashuka, nikaketi kwenye kingazi cha mlango, mgongo nimewapa. Baba akawasha injini. Sikuinuka. Akanguruma nayo weee, akazima. Akasema ataita polisi. Nikamwambia yule bado yuko pale darajani, nimwite mimi? Jioni alikuwa kwenye simu akinitafutia ndege, hanitazami usoni.

Nyumbani nilifika mchana. Mama yangu na majirani wakapiga vigelegele, nikalia na kucheka. Binti yangu alinipokea vizuri mno. Alinipa mkono, akaniletea kiti chenye kitambaa, akasimama kando kwa adabu akisubiri ninywe chai. Kisha akamsogelea bibi yake, akamnong'oneza nami nikasikia: "Bibi, huyu anarudi kwao lini?"

Nilivua viatu, nikashuka kwenye kile kiti, nikaketi chini karibu naye. Nikamwambia siendi popote.