Aliyechumiwa Chai

Nafundisha saikolojia ya jamii chuoni, na kati ya wanafunzi wangu wa uzamili binti mmoja alitajwa kuwa bora kuliko wote. Ilibaki barua yangu tu ili atunukiwe tuzo. Sikuiandika. Nilihisi amepika data.

Tasnifu yake ilihusu wachumaji chai wa Kyimo. Alidai kuwa mwenzao akiugua, wanawake huchuma majani na kuyatia kwenye kapu lake kwa siri, ili kilo zake zisishuke kwenye mizani na msimamizi asimwondoe. Wahojiwa hawakuwa na majina, namba tu. Mama yangu alichuma chai hapohapo hadi mgongo ulipokataa, wala sikuwahi kusikia kitu kama hicho. Mgeni wa miezi miwili ayajue nisiyoyajua mimi?

Jumamosi moja nikaenda nyumbani. Mama alikuwa anamenya ndizi za kupika pamoja na jirani yake, naye mchumaji wa zamani. Nikawauliza kuhusu yule binti.

"Simjui," mama akasema, bila kuinua macho.

"Na majani ya kumsaidia mgonjwa?"

"Majani ya mtu ni ya mtu, mwalimu," jirani akajibu. "Ndaga." Akashukuru hivyo, akaaga, akaondoka upesi, ndizi zake hazijafika nusu.

Sitaficha, nilifurahi. Njia ya mwongo ni fupi. Nikatoa karatasi nianze kuandika palepale jikoni.

"Unaandika nini?" mama akauliza.

"Kwamba huyu binti ni mwongo. Hapati tuzo, na huenda akafukuzwa chuo."

Mama akaweka kisu chini.

"Usimwandike hivyo. Alituahidi hatatutaja kwa mtu, na sisi tukamwahidi vilevile. Jirani kakimbia kwa sababu wewe unauliza kama msimamizi." Akafuta utomvu mikononi. "Ulipokuwa kidato cha pili niliugua muhula mzima. Unadhani kapu langu lilijazwa na nani?"

Muhula ule, nikiwa shule ya bweni, nilipokea barua zake zikisema ni mzima. Niliona aibu, na wivu pia, kwa kuwa mwanafunzi wangu alimjua mama yangu kuliko mimi. Nikaikunja karatasi, nikachukua nyingine, nikaandika kwamba sijapata kusimamia kazi bora kuliko ile. Nimejuaje, sikueleza.

"Yeye ulimwambia," nikasema. "Mbona mimi hukuniambia?"

Mama akachukua ndizi nyingine.

"Uliniuliza lini?"