Kusimama kwa Mikono Maguu

Mwandiko wangu ni mbaya na huenda nimeruka herufi hapa na pale, mnivumilie. Niliishia darasa la saba na naandika polepole. Nataka kueleza msimu tuliofundishwa jimnastiki kule Ngumbo, ufukweni mwa ziwa, kwenye harufu ya usipa. Samaki hao wadogo walianikwa upande mmoja wa mchanga, sisi tukajipanga upande wa pili, maana uwanja wa shule ulikuwa na mawe. Mwalimu wa michezo alianza na kujikunja: unachuchumaa, unakumbatia magoti, kidevu unakibana kifuani. Mkao huo niliupenda kuliko yote kwa sababu mtu haoni uso wako. Ikafuata kubingirika mbele, halafu daraja, yaani unalala chali na kuinua tumbo kwa viganja na nyayo. Mwisho kusimama kwa mikono. Mchanga unameza nguvu, kwa hiyo tulizoea kuchimba kwa kisigino vishimo viwili vya kuwekea viganja, kisha kurusha miguu kwa nguvu zote. Mimi nilirusha kidogo tu.

"Rusha, Skola," rafiki yangu Tekla alisema. "Huko juu hakuna mwenyewe."

Niliposikia kwamba watakaochaguliwa watakwenda kuonyesha michezo kijiji cha Maguu, kule milimani, nikaanza kurusha. Baba alikuwa Maguu. Alipanda huko kuchuma kahawa, msimu ukaisha, ukaja mwingine, hakurudi. Mama hakumtaja. Nilifikiri akiniona nimesimama wima, kichwa chini, bila kutikisika, atapanda lori letu turudi naye nyumbani. Sikumwambia mtu. Nilifanya mazoezi hata wenzangu walipokwenda kuoga ziwani, na nikachaguliwa.

Maguu kulikuwa na baridi, na ardhi yake nyekundu ilikuwa imeshindiliwa kama sakafu. Baba alisimama nyuma ya wanafunzi, amevaa koti, amebeba mtoto mdogo nisiyemjua. Zamu yangu ilipofika nilikwaruza ardhi kwa kisigino nipate vishimo vyangu. Haikuchimbika.

"Huyu wa ziwani anafukua karanga," mvulana mmoja wa pale akasema, wenzake wakacheka.

Nikarusha miguu kama nilivyozoea mchangani. Ardhi ile haikumeza kitu. Miguu ilipita juu ikaenda upande wa pili, nikaanguka chali, pumzi ikakatika. Niliona mawingu. Mgongo haukuuma. Baba akaja, nikamwamkia nikiwa bado chini.

"Marahaba. Umekua, mama. Mama yako hajambo?"

"Hajambo."

"Haya, msalimie."

Akamhamishia mtoto bega la pili, akaondoka kuelekea walikoanika kahawa. Tekla alikuja kunipangusa vumbi.

"Yule nani?"

"Mtu wa huku," nikasema.

Siku hizi shule yetu ina godoro la michezo, na watoto wakianguka huinuka wakicheka. Mimi nauza usipa sokoni Mbinga. Wanunuzi wengine hutoka Maguu; nawapimia kwa kisado, nawafungia, siulizi habari za huko. Mama naye bado hamtaji. Kama kati yenu wasomaji yupo aliyewahi kuanguka mbele ya mtu aliyekuwa akimsubiri, naomba aniandikie, hata mistari miwili, aniambie maumivu yalianza lini. Yangu bado nayangoja.