Waya Nilioukata Ukumbini Karatina

Mwanangu, iko Jumamosi moja ya Karatina ambayo nimeisimulia mara chache sana maishani, na kila mara niliruka sehemu fulani. Leo sitaruka. Umeanza kazi hii ya mashine za sauti, na nimekuangalia unavyofanya haraka, kwa hiyo keti unisikilize mpaka mwisho.

Nilikuwa na miaka ishirini na tatu. Nilikuwa nimepanga chumba hapa Nyeri, kule Majengo, chumba kimoja chenye dirisha linalotazama ukuta, na humo ndani nilikuwa najenga sinthesaiza. Wakati huo ukimwambia mtu unafanya muziki wa stima, anadhani unasema kinanda cha kanisani. Yangu haikuwa na vibonyezo vya kinanda. Ilikuwa fremu ya chuma iliyojaa visanduku vidogo vidogo, kila kimoja na kazi yake. Hiki kinazaa sauti, hiki kinaichuja, kile kinaamua ianze lini na inyamaze lini. Unaviunganisha kwa waya fupi, na ukichomoa waya hapa ukauchomeka pale, kilichokuwa kinalia kama ndege kinaanza kunguruma kama lori linalopanda mlima. Michoro niliichapisha saiba, kule kwa kompyuta za kulipia. Vipuri nilivitoa kwenye redio na televisheni zilizokufa.

Aliyenifundisha kulehemu alikuwa Mzee Salim, fundi wa redio mwenye kibanda karibu na msikiti. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Nilipomwonyesha trafoma niliyoitoa kwenye televisheni kuukuu, ndiyo ile inayopokea stima ya ukutani na kuipunguza, aliigeuza mkononi akainusa.

"Hii iliwahi kuungua ndani," akasema. "Tafuta nyingine."

"Nitatafuta, mzee."

"Binti yangu, kwenye sauti cheza utakavyo. Kwenye stima usicheze."

Sikutafuta nyingine. Onyesho langu la kwanza lilikuwa limekaribia, na trafoma ile ilikuwa inafanya kazi. Nilijiambia wazee wanapenda kuogopa ogopa.

Onyesho lenyewe lilikuwa katika ukumbi wa jamii ulio karibu na soko la Karatina. Kamati ya ukumbi ilikuwa imeandaa mchana wa muziki, kwaya mbili, kikundi cha akina mama, halafu mimi. Nami nilikuwa na wazo ambalo hadi leo naliona zuri. Babu yangu mzaa mama, guka wangu, alikuwa mmoja wa wazee wachache waliobaki wa kupiga wandindi, ile fidla yetu ya uzi mmoja. Uzi wa wandindi wake ulikuwa waya wa chuma. Nilitaka kuubana waya ule kwa klipu na kuuingiza kwenye mashine yangu, ili kila akigusa, visanduku vyangu viitikie. Mzee apige uzi mmoja, nami niufanye uwe mia.

Alikuja kutoka Kianyaga asubuhi, amevaa koti lake la Jumapili na gambuti, vile viatu virefu vya mpira, maana mvua ilikuwa imenyesha siku tatu mfululizo. Mlangoni tulikutana na mwangalizi wa ukumbi, mwanamume wa makamo aliyeitwa Ndirangu. Alikuwa amemaliza kupiga sakafu deki. Akamwomba guka kwa heshima avue gambuti zenye tope, na guka akavua, akaingia miguu mitupu juu ya saruji iliyokuwa bado na unyevu.

Nikawasha mashine kuijaribu, na spika zikaanza kuvuma. Mvumo mzito, usiokatika, uliofunika kila kitu. Nikabadilisha waya, ukavuma. Nikasogeza spika, ukavuma. Watu walikuwa wameanza kuingia, wanakwaya wanapanga viti, na mwenyekiti wa kamati, Mama Wairimu, akaja mara mbili kuniuliza, "Mami, hiyo kelele ndiyo muziki wenyewe?" Vijana waliokuwa mbele wakacheka.

Nilikuwa nimewahi kusoma mahali kwamba mvumo kama huo mara nyingine hupitia kwenye waya wa ardhi. Unaujua, ule wa kijani na manjano ndani ya plagi. Kazi yake ni moja tu, kwamba stima ikipotea njia ikaingia kwenye chuma cha mashine, ipelekwe ardhini kabla haijapata mtu. Nilifungua plagi nikaukata kwa koleo. Nikafunga plagi. Nikawasha.

Kimya. Kimya safi kabisa. Nilijisikia fundi kuliko mafundi wote.

Guka alikuwa ameketi tayari, wandindi mapajani, akiiangalia ile klipu niliyokuwa nikiibana kwenye uzi wake.

"Wangui," akaniita, "hii kitu haiumi?"

"Haiumi, Guka."

Nilimjibu bila hata kuinua macho. Nilikuwa sijaigusa fremu ile tangu nikate waya. Vishikizo nilivyokuwa nikizungusha vilikuwa vya plastiki, na klipu yenyewe ilikuwa imevikwa mpira. Mwanangu, mkono wa kwanza kugusa chuma kilichounganishwa na fremu ile ulikuwa wa guka.

Alipoweka vidole kwenye uzi, spika zilitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia tena. Watu walipiga makofi. Walidhani onyesho limeanza. Nami, Mungu anisamehe, kwa muda mfupi nilifurahi kwa jinsi ilivyokuwa kali. Kisha nikaona shingo yake. Kichwa kilikuwa kimerudi nyuma, meno yameumana, mkono wa kushoto umekaza juu ya uzi na hauachi. Makofi yalikuwa bado yanaendelea. Nilisimama pale nimeganda, najua kabisa ni nini na siwezi kusogea.

Aliyesogea alikuwa Ndirangu. Sijui alijuaje, kutoka kule mlangoni. Alikimbia mpaka ukutani akavuta swichi kuu, ukumbi mzima ukazimika, na guka akaanguka ubavu pamoja na kiti chake. Ndirangu ndiye aliyempiga kifua. Ndirangu ndiye aliyempulizia pumzi. Mimi nilikuwa nimeshika kichwa tu. Guka alipokohoa, mama mmoja wa kwaya alianza kulia kwa sauti, na wanaume wakamnyanyua wakampeleka hospitali.

Alipona, nikuambie mapema usiendelee kuumia. Lakini vidole viwili vya mkono wa kushoto viliungua mpaka ndani.

Sasa sikia ile sehemu ninayoirukaga. Jioni hiyo watu walisimama nje ya wodi wakiuliza imekuwaje. Mmoja akasema, ni stima ya ukumbi ule, waya ni za zamani. Mwingine akasema, na sakafu ilikuwa na maji, nani anapiga deki watu wakiingia? Wakaniangalia mimi. Ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema, "Sijui. Ilikuwa sawa nilipoijaribu."

Jumapili jina la Ndirangu lilikuwa limezunguka soko lote. Jumatatu kamati ikamnyang'anya funguo, ikamwambia akae nyumbani mpaka mkutano wa Jumatano. Na guka, kitandani, mkono umefungwa bendeji hadi kwenye kiwiko, alikuwa anamwambia kila aliyekuja kumwona, "Ni stima ya hiyo nyumba. Mashine ya huyu mtoto haina makosa. Nilimuuliza." Alisema hivyo mbele yangu. Nilikuwa nammenyea chungwa. Niliendelea kumenya.

Jumanne nilirudi Majengo na mashine yangu, na sikuwa nimefungua kufuli vizuri Mzee Salim akatokea nyuma yangu. Habari zilikuwa zimemfikia.

"Nipe plagi," akasema.

"Plagi gani, mzee?"

Hakurudia. Alinyoosha tu mkono. Nikampa. Akaketi kwenye kitanda changu, akatoa bisibisi mfukoni, akaifungua taratibu, skrubu baada ya skrubu. Alipoiona ncha ya ule waya, imekatwa safi, hakupandisha sauti.

"Nani alikata?"

"Mimi."

"Kwa nini?"

"Ilikuwa inavuma. Watu walikuwa wananicheka."

Akafungua na mashine. Akaitazama ile trafoma, akanionyesha kwa ncha ya bisibisi mahali ambapo waya ulioungua ulikuwa unagusa fremu. Ule mvumo, akaniambia, ulikuwa stima inayovuja ikikimbilia ardhini kwa njia pekee iliyokuwa nayo. Nami nikaifunga njia ile, nikamweka babu yangu pale palipobaki.

"Yule mtu aliyemwokoa babu yako," akasema, "ana watoto?"

"Wanne."

"Kesho nitakuja Karatina. Nitakaa nyuma kabisa. Mkutano ukikaribia kufungwa na wewe hujasimama, nitasimama mimi. Lakini nikisimama mimi, kibandani kwangu usirudi. Si kwa hasira. Sitaweza tu kumfundisha mtu wa namna hiyo kushika stima."

Akaondoka na plagi.

Mkutano ulikuwa saa nane mchana, ndani ya ukumbi uleule. Kiti alichoanguka nacho guka kilikuwa kimeegemezwa ukutani, mguu mmoja umevunjika. Ndirangu alikuwa mbele, ameshika kofia yake. Walimuuliza kuhusu soketi, akajibu. Walimuuliza kuhusu maji, akajibu. Mzee mmoja wa kamati akamwambia kwa ukali, "Ungengoja sakafu ikauke, huyu mzee hangeungua," na Ndirangu akainamisha kichwa, akasema, "Ni kweli. Ningengoja."

Nilikuwa nimeketi safu ya tatu. Nilijiambia nitasimama yule akimaliza kuongea, halafu huyu, halafu mwingine. Kila aliyemaliza nilipata sababu ya kungoja anayefuata. Mama Wairimu akafunga daftari lake. "Basi kama hakuna mwingine, tuombe," akasema, na watu wakaanza kuinuka. Nyuma yangu nikasikia kiti kikisogezwa, na nikajua bila kugeuka ni kiti cha nani.

"Ni mimi," nikasema. Nilikuwa bado nimeketi. Ikabidi niseme tena nikiwa nimesimama. "Ni mimi nilikata waya ya ardhi. Trafoma nilikuwa nimeambiwa ni mbaya. Si ukumbi, si maji ya Ndirangu. Guka aliniuliza kama inauma nikamdanganya, na tangu Jumamosi nimenyamaza."

Hakuna aliyepiga kelele. Ningependa wangepiga. Mama Wairimu alivua miwani. Ndirangu ndiye aliyegeuka kunitazama, na alipoongea sauti yake ilikuwa chini sana.

"Mimi nilikuwa nimeshaamini ni mimi," akasema. "Siku nne, msichana. Nimekuwa nikimwambia bibi yangu ni mimi nilichoma yule mzee. Na wewe ulikuwa unajua."

Walimrudishia funguo palepale. Nilimfuata nje kumwomba msamaha, akaniambia amesikia, akaenda zake. Ilipita karibu mwaka mzima kabla hajaitikia salamu yangu, na sikumlaumu.

Kutoka pale nilienda hospitali moja kwa moja, nisije nikatanguliwa na maneno ya watu. Nilimwambia guka yote, hata ile ya chungwa. Aliutazama mkono wake uliofungwa.

"Uliniambia haiumi," akasema.

"Ndiyo, Guka. Na sikuwa nimejaribu."

"Mimi nilikuwa najua umejaribu." Akafumba macho, nikadhani amenifukuza kwa njia ya upole. Kisha akasema, macho yakiwa bado yamefumbwa, "Ukitengeneza ingine, wewe ndio utashika kwanza. Mtu yeyote asishike kabla yako. Umesikia?"

Vidole vile havikukunjika tena sawasawa. Wandindi hakupiga tena. Alinifundisha nyimbo zake kwa kuziimba kwa mdomo, na sijawahi kupiga hata moja bila kukumbuka kwa nini naipiga mimi. Mzee Salim alinirudisha kibandani, akaniweka miezi mingi nikifunga plagi za pasi na za birika, kazi hiyo tu, hadi aliporidhika. Nilijenga mashine nyingine. Ndiyo hii unayoijua, na kila nikiiwasha kiganja changu hutangulia kwenye chuma.

Basi, mwanangu, ninachotaka ubaki nacho ni hiki. Mashine yako ikitoa sauti usiyoipenda, kaa nayo ujue inatoka wapi kabla ya kuinyamazisha, hata kama ukumbi umejaa na watu wanakucheka. Kucheka kwao kutaisha wakifika nyumbani. Usimwambie mtu kitu ni salama kwa sababu unataka kiwe salama. Mtu akikuuliza, na hujui, mwambie hujui, hata onyesho likiharibika. Na ukishakosea, maana utakosea, sema siku hiyohiyo. Kosa langu la Jumamosi lilikuwa la haraka na ujinga, na watu walinisamehe. Zile siku nne nilizikaa nikiwa na akili timamu, mtu mwingine akiubeba mzigo wangu, na hizo ndizo zinazoniamsha hadi leo.

Jaribu sauti ambazo hakuna aliyewahi kuzisikia. Sitakukataza hata siku moja. Mungu akulinde mikono na masikio, akuzungushie watu watakaokuambia ukweli mapema, na siku utakapotakiwa kusimama na kusema "ni mimi", akupe miguu ya kusimama upesi kuliko nilivyosimama mimi.