Gari Lililolia Elwak

Gari la zahanati ya Elwak lilikuwa likilia. Sisemi lilipiga kelele, kwa maana kelele nazijua. Nilikuwa fundi kabla sijawa dereva, na hakuna gari la dizeli lisilopiga kelele. Hili lilikuwa likilia. Sauti nyembamba, ya puani, ilianza chini mara tu injini inapowaka, ikapanda kila ninapokanyaga mafuta, na ninapozima ilikuwa ya mwisho kunyamaza.

Nililikuta hivyo nilipohamishwa kutoka karakana ya Garissa, katikati ya miaka ya tisini. Dereva aliyenitangulia hakungoja kunikabidhi. Alitundika funguo kwenye msumari, akadandia lori la mbuzi, akaenda zake. Muuguzi ndiye aliyenieleza. Alikuwa mgeni kama mimi, mmoja wa wale ambao wenyeji waliwaita watu wa Kenya, kana kwamba wao wenyewe walikuwa wanaishi nchi nyingine.

"Kuna mama alifia humo nyuma akipelekwa Wajir kujifungua," aliniambia. "Tangu safari ile ndiyo linalia."

Nilicheka. Mimi si mtu wa majini wala mizimu, na watu wanaoviona vitu hivyo katika kila kichaka hunikera. Lakini lisemwalo lipo, na nisipodanganya, kicheko kile hakikudumu. Siku moja nilikuwa peke yangu njia ya Takaba, jua la utosi, hakuna hata mbuzi mbele yangu. Nilipofikisha mwendo fulani, mlio ule ukabadilika. Ukawa kama mtu anayetaka kuanza kusema neno, anashindwa, anaanza tena. Nilipunguza mwendo, ukashuka. Niliongeza, ukaanza tena palepale. Niligeuka kutazama kile kiti kirefu cha wagonjwa kule nyuma. Kilikuwa kitupu, bila shaka, lakini niliogopa, na mgongo wote ulikuwa umelowa.

Mjini nako mambo yalikuwa hayohayo. Nikipita, wanawake walivuta shungi mdomoni na kunong'ona bismillahi. Wajawazito walikuja zahanati kwa mikokoteni ya punda, wakaondoka kwa mikokoteni ya punda. Hakuna aliyekubali kupanda gari langu.

Kisha asubuhi moja akaletwa msichana ambaye uchungu ulikuwa umemshika tangu jana yake. Alikuja na mama mkwe wake, mzee mrefu, mkavu, mwenye macho ya kumhesabu mtu. Mume alikuwa mbali, akichunga ngamia. Muuguzi alimpima, akatoka nje akijifuta jasho. Mtoto alikuwa amekaa vibaya, hatoki bila kisu, na kisu kiko Wajir. Msafara wa magari yenye askari, wa kujikinga na majambazi wa njiani, ulikuwa ukijipanga kuondoka. Niliwasha gari.

Mzee akasikia mlio. Akamshika mkwewe mkono, akamrudisha nyuma.

"Habana," alisema kwa lafudhi ya kwao, p ikigeuka b. "Hii gari iko nalia. Mimi habana bandisha mtoto yangu."

"Mama, huyu atakufa hapa," muuguzi akamwambia.

"Ngamia mtoto yake nakufa, yeye nalia. Sisi habana weka mzigo juu yake mbaka nanyamaza. Nyamazisha gari, sisi tabanda."

Maji yakanifika shingoni. Nilimwambia kwa sauti ambayo kituo kizima kilisikia kwamba gari si ngamia, gari ni chuma, na chuma hakina mtoto. Alikaa chini mchangani, akakiweka kichwa cha mkwewe mapajani mwake. Tuliwaona askari wakiondoka na msafara, vumbi likatua, na tukabaki.

Nifanye nini? Nilifungua boneti.

Nilikuwa tayari nimeona kwamba nikiwasha taa, mlio unazidi. Hiyo ni dalili ya alternata, ile dinamo inayozalisha umeme wa gari, kwa sababu taa zinapoomba umeme, yenyewe ndiyo inayobeba mzigo. Nililegeza nati nikauchomoa mkanda wa feni, nikawasha injini bila mkanda. Kukawa kimya. Injini ilinguruma kwa sauti yake ya kawaida, ule mlio haupo. Nikamwona mzee ameinua kichwa.

"Enda hifyo," akasema.

"Haiwezi, mama. Mkanda huu ndio unazungusha maji. Bila mkanda injini itachemka, tutakwama njiani."

Nikazima haraka, nikarudisha mkanda, nikawasha tena. Mlio ukarudi, na safari hii mzee akafumba macho. Nikachukua bisibisi ndefu, ncha nikaigusisha pampu ya maji, mpini nikauweka sikioni. Pampu ilikuwa nzima. Nikaihamisha hadi alternata, na ile sauti ikaniingia kichwani moja kwa moja, kubwa, karibu, kama mtu aliyebandika mdomo sikioni mwangu. Nilijua ni beringi, ile pete ya gololi inayoshika mhimili wake. Hata hivyo nywele zilinisimama.

Nilipogeuka, mzee alikuwa nyuma yangu, amenyoosha mkono anataka bisibisi. Nilimpa, nikamwongoza asije akanaswa na feni. Alisikiliza kwa muda mrefu, mrefu kuliko mtu anayetaka tu kujua sauti inatoka wapi. Midomo yake ilikuwa inacheza. Kisha akanirudishia.

"Toa hiyo," akasema.

Nyuma ya zahanati kulikuwa na gari bovu la aina ileile, limekaa juu ya mawe, mbuzi wanalala chini yake. Alternata yake ilikuwa imeungua nyaya, lakini nilipoizungusha puli kwa mkono ilikwenda laini. Ya kwetu, nilipoizungusha, ilikuwa kama kutafuna wali wenye mchanga. Nikazifungua zote mbili juu ya gunia. Beringi haitoki kwa kubembelezwa. Niliigonga na kipande cha bomba, huku nikilaani, huku nikimsikia yule msichana akiugua kivulini. Kila alipougua nilijua tunapoteza wakati wake kwa ajili ya sauti tu, na nilimchukia yule mzee kwa moyo wangu wote.

Ndipo beringi yetu ikaniangukia kiganjani. Kile kikombe kinachoshika gololi kilikuwa kimepasuka, na gololi zenyewe zimegeuka rangi ya samawati kwa moto. Isingefika Wajir. Ingenasa katikati ya njia, ingekata mkanda, maji yangesimama, na sisi tungesimama pamoja nayo, porini, na mgonjwa nyuma. Kama tungeondoka nilipotaka mimi, tungekwama. Niliiangalia ile beringi, hasira zikaniisha, na mahali pake pakaja baridi ambayo sikuipenda.

Nilitia beringi ya lile gari bovu ndani ya alternata yetu, nikaifunga mahali pake. Nilipowasha, gari lilinyamaza. Mzee alisema, "Haya," akampandisha mkwewe.

Tulikwenda bila askari. Nilidhani kimya kingenifurahisha, kumbe kilinitisha kuliko mlio, maana sasa nilisikia kila kitu kilichotokea nyuma: kila pumzi, kila jino lililosagwa. Mahali fulani, tambarare tupu isiyo na shimo wala jiwe, mzee aligonga kioo.

"Bolebole haba, derefa."

Sikuona sababu, ila nilipunguza. Tulipita pale taratibu, halafu akagonga tena niongeze.

Wajir walimpokea mgonjwa wakakimbia naye ndani. Nilikaa kwenye ngazi ya gari. Jua lilikuwa limeanza kulegea mzee alipotoka. Msichana yuko hai, akaniambia, na mtoto yuko hai, wa kike. Alhamdulillahi. Nilitaka kulia, nikajifanya nakagua tairi.

Hakuondoka. Alisimama akilitazama gari.

"Ile chuma wewe natoa. Iko wabi?"

Ilikuwa mfukoni mwa suruali yangu. Mafundi hatutupi kitu. Nikamwonyesha.

"Ile mama nakufa hii gari," akasema, "ile mahali mimi nasema bolebole. Yeye mtoto yangu. Mimi nazaa yeye. Mimi nakaa na yeye nyuma."

Tangu nifike Elwak hakuna aliyenitajia yule marehemu alikuwa mtoto wa nani, na mimi sikuuliza.

"Mama," nikasema, "hii ni chuma tu. Imeisha kwa mchanga."

"Najua chuma. Mtoto yangu iko kwa Mungu." Akasogea karibu, akainamisha kichwa. "Zungusha."

Niliivalisha beringi kidoleni, nikaipeleka kwenye sikio lake na kuizungusha kwa mkono mwingine. Ilitoa mkwaruzo mdogo, mwembamba, ambao hata mimi niliyeishika sikuusikia vizuri. Yeye aliusikia. Niliendelea kuizungusha mpaka aliponishika mkono.

"Nibe mimi," akasema.

Nikampa.